Ua, Kitalu na Kiunga: Bustani Iliyoifuata Ardhi ya Mvita

Utangulizi

Mwanafunzi wa leo akikutana na neno kiwanda katika utenzi wa kale wa Lamu au Pate, picha ya kwanza inayomjia ni ya mabomba ya moshi, mitambo na wafanyakazi wa zamu. Akikutana na kiunga, huwazia pembezoni mwa mji, mahali ambapo nauli hupanda na huduma hupungua. Akikutana na behewa katika maelezo ya nyumba za Unguja, huwazia garimoshi. Picha hizo si kosa katika Kiswahili cha leo, kwani maana za maneno husafiri kama wanavyosafiri wenye kuyasema. Hata hivyo, zinamficha msomaji jambo kubwa. Kiwanda kilikuwa uwanja wa ndani ya nyumba ya mawe, ulioachwa wazi kwa anga. Behewa lilikuwa na maana iyo hiyo. Nacho kiunga kilikuwa shamba la miti ya matunda na kivuli lililopakana na mji. Kwa maneno mengine, msamiati unaotamkwa leo kwa maana ya viwanda, vitongoji na reli ulikuwa, kwa sehemu yake, msamiati wa bustani.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi bustani za Kisiwa cha Mombasa, na hasa za Mji wa Kale, zilivyobuniwa kuilingana ardhi yake, na jinsi Kiswahili kilivyohifadhi ubunifu huo katika maneno yake. Hoja inayotetewa ni kwamba wakaazi wa Mvita hawakukosa bustani, kama anavyoweza kudhani mgeni apitaye katika vichochoro vya mawe. Walikuwa na bustani ya namna nyingine, iliyotawaliwa na jiwe, upepo na maji ya kisiwa. Bustani hiyo inapotoweka, maneno yake hubaki bila vitu, na msomaji wa fasihi hubaki na mashairi yasiyo na harufu.

Bustani na mandhari

Swali la iwapo bustani iifuate ardhi au ardhi ilazimishwe kuifuata bustani limeulizwa katika nchi nyingi. Huko Uingereza, Gertrude Jekyll (1843–1932) alilijibu kwa vitendo katika kaunti ya Surrey. Nyumba yake ya Munstead Wood, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kujengwa mwaka 1896 na 1897, ilitumia mawe ya eneo lenyewe, na bustani yake ikaachwa iungane taratibu na msitu uliomea katika udongo wa kichanga. La kuzingatiwa zaidi na wanafunzi wa lugha ni kwamba mwaka 1904 Jekyll alichapisha kitabu kiitwacho Old West Surrey, ambamo alikusanya habari za nyumba za wanakijiji, zana zao na maisha yao kabla hayajasahaulika. Kwake, kubuni bustani na kuhifadhi kumbukumbu za watu wa mahali zilikuwa kazi mbili za mkono mmoja.

Kinaya ni kwamba kilichosafirishwa hadi Afrika Mashariki wakati wa ukoloni aghalabu hakikuwa kanuni hiyo bali sura yake ya nje: uwanja wa nyasi zilizokatwa, ua wa michongoma iliyonyooshwa kwa makasi na vitanda vya maua ya kutazamwa kutoka dirishani. Uingereza mvua hunyesha kidogo kidogo karibu kila mwezi na jua ni pole, hivyo nyasi hukaa kijani kwa gharama ndogo. Mombasa mvua hugawanyika katika masika, ambayo hukolea mwezi wa Mei, na vuli, ambayo huja kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari ni miezi ya ukavu. Uwanja wa nyasi wa kisiwani, ukitakiwa ubaki kama wa Surrey, hudai maji katika miezi ile ile ambayo mji wenyewe huwa na kiu.

Jiwe, upepo na maji

Ili kuielewa bustani ya Mvita, ni sharti kwanza kukielewa kisiwa. Mombasa ni kisiwa cha matumbawe. Chini ya tabaka jembamba la udongo kuna jiwe lile lile ambalo Wareno walilitumia kujenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, na ambalo wenyeji walikuwa wamelijengea nyumba na misikiti kabla yao. Jiwe hili lina chokaa nyingi. Chokaa huifunga madini ya chuma yaliyomo udongoni, mizizi isiweze kuyafyonza. Matokeo yake jani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mimea mingi ya mapambo iletwayo kutoka nyanda zenye udongo mwekundu hufikwa na ugonjwa huo, na mwenye kuipanda hudhani imekosa maji. Huiongezea maji, nayo huzidi kudhoofu.

Jiwe hilo pia lina vinyweleo. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi na kuteremka hadi yanapokutana na maji ya bahari yaliyoingia chini ya kisiwa. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Visima vya Mji wa Kale vilitegemea tabaka hilo la juu. Kisima kilichotekwa kwa kiasi kilitoa maji ya kutumika. Kikitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Ndiyo maana mji wa kisasa umelazimika kuyafuata maji bara na kwingineko: chemchemi za Mzima, Marere katika Milima ya Shimba, na Baricho kando ya Mto Sabaki. Bustani ya zamani, ambayo haikuwa na mabomba hayo, ililazimika kuchagua mimea inayokinai.

Fauka ya jiwe na maji kuna upepo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki takribani kuanzia Aprili hadi Septemba, ukipiga moja kwa moja ufuo wa Kizingo na kuurushia povu la chumvi. Kaskazi hufuata kuanzia karibu na mwisho wa mwaka hadi Machi, ukiwa mkavu zaidi. Mji wa Kale ulijengwa upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye mkono wa bahari uingiao Tudor, mahali ambapo majahazi yalipata utulivu. Hifadhi iliyotafutwa kwa ajili ya vyombo iliifaa pia mimea. Mti unaonyauka Kizingo kwa sababu ya povu la kusi waweza kustawi nyuma ya ukuta wa Kibokoni, ingawa umbali kati ya mitaa hiyo ni mwendo mfupi wa miguu.

Ua, kitalu na kiunga

Masharti hayo matatu yalizaa bustani ya tabaka tatu, na kila tabaka lilipewa jina lake.

Tabaka la kwanza ni ua. Kiswahili kina maneno mawili yanayotamkwa hivi, na upatanisho wa kisarufi ndio unaoyatenganisha. Mtu asemapo ua langu, wingi wake maua, anakusudia chanuo la mmea. Asemapo ua wangu, wingi wake nyua, anakusudia eneo la nyumbani lililozungushiwa ukuta au makuti. Katika nyumba ya Mvita mawili haya yalikutana: ua liliota uani. Ua, sawa na kiwanda cha nyumba za mawe za Lamu, ulikuwa mahali pa kupikia, kufulia, kusukia ukili na kuongea, na kwa kiasi kikubwa ulikuwa himaya ya wanawake. Kuta zake zilizuia upepo wa chumvi na macho ya wapita njia. Usiku hewa baridi ilishuka na kutuama humo, na mchana kivuli cha ukuta na mvuke utokao majani vilipunguza joto la vyumba vilivyoutazama. Maji yaliyokwisha kuoshea mchele na mboga hayakumwagwa ovyo. Yalinywesha mrihani, mpapai au mgomba uliokuwa karibu na jiko.

Tabaka la pili ni kitalu. Leo neno hili hutumiwa zaidi kwa maana ya mahali pa kuoteshea miche, au sehemu ya ardhi iliyopimwa. Kamusi za zamani, hata hivyo, hulipa maana ya ukuta wa mawe na ya bustani iliyozungukwa na ukuta huo. Maana hizo mbili kuwa katika neno moja si ajali. Katika kisiwa chenye udongo haba na upepo wa chumvi, ukuta ni sharti la kwanza la bustani, wala si pambo linaloongezwa baadaye. Mwenye kitalu alitoboa mwamba kwa mtaimbo, akalijaza shimo samadi, majivu na takataka za jikoni, kisha akapanda mkomamanga, mndimu, mstafeli au mbirimbi. Mizizi iliyotangulia kulishwa shimoni ilipata nguvu ya kutafuta nyufa za jiwe na kuyafikia maji.

Tabaka la tatu ni kiunga. Hapa ndipo penye minazi, miembe, mikanju na mikwaju, miti mikubwa ambayo isingeenea ndani ya mji uliobanana. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya kisiwa iliyokuwa nje ya Mji wa Kale ilikuwa mashamba na vichaka, na wenye uwezo walikuwa na mashamba mengine ng'ambo ya bahari, upande wa Kisauni, Likoni na Changamwe. Kiunga kiliulisha mji na kuuburudisha kwa kivuli. Baadaye ujenzi wa reli, ulioanza Mombasa mwaka 1896, na ukuaji wa bandari ya Kilindini viliuvuta mji kuelekea magharibi. Miti ikakatwa, mitaa ikajengwa, na neno kiunga likabaki likielea, likiitwa mahali palipokuwa na miti hata baada ya miti kuondoka. Vivyo hivyo Mwembe Tayari na Mwembe Kuku, majina yanayotajwa kila siku katikati ya pilikapilika za mabasi na wachuuzi, ni kumbukumbu ya miti katika vinywa vya watu ambao aghalabu hawaifikirii.

Bustani ya pua

Neno bustani lenyewe linastahili kuchunguzwa. Asili yake ni Kiajemi, na lilipitia Kiarabu kabla ya kuingia katika Kiswahili. Sehemu yake ya kwanza ina maana ya harufu nzuri. Sehemu ya pili ina maana ya mahali, nayo ndiyo ile ile iliyomo katika jina Afghanistani. Bustani, basi, ni mahali pa harufu. Maana hii inaafikiana na desturi ya Mvita kuliko inavyoafikiana na uwanja wa nyasi. Mimea iliyothaminiwa uani haikuchaguliwa kwa rangi zake bali kwa manukato yake: asumini, afu, kilua, mlangilangi, mrihani na mkadi. Wala bustani hiyo haikukomea ukutani. Maua yalichumwa, yakatungwa makoja, au yakafungwa pamoja na majani ya mrihani na vipande vya mkadi yakawa vikuba vya kubandikwa nguoni. Mwanamke aliyetoka nyumbani jioni alitoka na bustani yake kifuani.

Ujuzi wa mimea ndio unaofungua hapa mlango wa fasihi. Katika utenzi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu anamuusia bintiye, pamoja na mambo mengine mengi, atunge asumini na kuiweka kitandani. Msomaji asiyeijua asumini atauona ushauri huo kuwa wa mapambo tu. Anayeijua atagundua usahihi wake. Vikonyo vya asumini huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, hutungwa vikiwa vigumu, na hufumbuka giza linapoingia. Harufu yake huwa kali zaidi usiku. Kwa hiyo mama hatoi wasia juu ya pambo bali juu ya saa: kazi ya mkono wa alasiri huzaa matunda yake usiku, wakati ambapo mume yumo nyumbani. Maana hii imo ndani ya mmea wenyewe, na hakuna kamusi itakayoitoa kwa kutafsiri asumini kwa neno moja.

Halikadhalika, katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapoyaonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa yamejaa watu na fahari yakiwa magofu yaliyotwaliwa na ndege na wadudu, uchungu wa picha hiyo humfikia kikamilifu yule tu anayejua mpango wa nyumba ya mawe: wapi palikuwa na daka, wapi ukumbi, wapi kiwanda. Anayedhani kiwanda ni karakana husoma shairi jingine kabisa.

Mafunzo ya karibu

Je, kanuni ya kuifuata ardhi yaweza kufanya kazi katika zama hizi? Mfano ulio wazi zaidi haupo kisiwani bali Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Huko matumbawe yalichimbwa kwa ajili ya saruji kuanzia miaka ya 1950, yakaacha sakafu kavu ya jiwe jeupe, isiyo na udongo, iliyokaribia maji ya chini yenye chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kampuni ya saruji, alianza kujaribu kupanda miti humo. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, tatu tu ndizo zilizostahimili, na mvinje ukawa kinara. Mizizi ya mvinje hushirikiana na vijiumbe vinavyonasa naitrojeni ya hewani, hivyo mti huweza kuishi mahali pasipo na rutuba. Tatizo likawa majani yake, ambayo yalidondoka na kurundikana bila kuoza. Majongoo wakaletwa, wakayala, na kinyesi chao kikageuka mboji. Katika mboji hiyo miti mingine ikapata pa kushika. Mahali hapo sasa panaitwa Haller Park. Kwa hakika, machimbo ya kiwanda cha saruji yamegeuka kuwa kiwanda kwa maana yake ya kale: uwanja ulio wazi kwa anga, wenye kuta za mawe na miti ndani yake.

Kisiwani, ufuo wa Mama Ngina ulioko Kizingo ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa rasmi Oktoba 2019, mwezi ambao sherehe za Siku ya Mashujaa zilifanyika hapo. Kinachoupa mahali hapo sura yake ni mibuyu mikongwe iliyosimama juu ya mwamba ikiikabili kusi. Mbuyu huhifadhi maji shinani na kupukutisha majani wakati wa ukavu, kwa hiyo haumdai mtu maji ya bomba. Ni mti ambao kisiwa kiliuchagua kabla ya msanifu yeyote kuchora ramani. Thamani yake imetambuliwa hata mbali. Mwaka 2022 mibuyu ya Kaunti ya Kilifi iling'olewa ili isafirishwe hadi Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ikapambe bustani huko, na Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaagiza suala hilo lichunguzwe. Tukio hilo linaonyesha upande wa pili wa hoja. Mbuyu ulioondolewa katika ardhi yake hupoteza vingi: popo wanaochavusha maua yake usiku, watu wanaojua kupika mabuyu yake, na lugha yenye methali na majina yanayoutaja.

Kinachopotea uani

Katika Mji wa Kale kwenyewe, ua ndio ulio hatarini zaidi. Familia inapokua, nyumba hugawanywa, na mahali pa kwanza pa kuezekwa bati ili pawe chumba ni ule uwazi wa katikati. Uamuzi huo una sababu zake, na si haki kumlaumu anayetafutia wanawe pa kulala. Hata hivyo gharama yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Joto hupanda, hewa husimama, na mmea uliokuwa ukinyweshwa maji ya mchele hukosa pa kukaa. Sheria ya kuhifadhi majengo ya kale hulinda vyema mlango uliochongwa na roshani inayotazama njia, kwa kuwa vitu hivyo huonekana. Ua hauonekani kutoka barabarani. Ndivyo ulivyokusudiwa kuwa. Kwa hiyo waweza kutoweka huku sura ya mji ikibaki ile ile.

Si kwamba ujuzi wote umekwisha. Juu ya mapaa na katika roshani hupandwa mrihani, asumini na mshubiri katika madebe na vyungu, na vikuba bado huuzwa siku za harusi. Debe ni kitalu kilichopungua ukubwa: lina ukuta, lina udongo ulioletwa kwa mkono, na hunyweshwa maji ya jikoni. Kanuni imebaki ingawa nafasi imekwisha. Msanifu wa bustani za umma angeweza kuanzia hapo: kivuli kabla ya nyasi, ukuta kabla ya maua, harufu kabla ya rangi, na mimea inayovumilia chokaa na chumvi kabla ya ile ya kuagizwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bustani ya Mvita ilibuniwa na ardhi yake: jiwe lilidai shimo na samadi, upepo ulidai ukuta, maji haba yalidai kivuli na mimea yenye kukinai. Kiswahili kiliyapa mahitaji hayo majina, na majina hayo yakaingia katika tungo. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuihifadhi haiwezi kuachiwa wasanifu wa majengo na wataalamu wa mimea peke yao. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda Kibokoni au Kuze na daftari, akamuuliza bibi mwenye debe la asumini anaitaje kila sehemu ya mmea, huchumwa saa ngapi, na zamani uliota wapi katika nyumba, anafanya utafiti wa fasihi sawasawa na yule aliyeinamia muswada maktabani. Wanaoyajua majibu hayo ni watu wazima, na maswali hayawezi kungoja. Utenzi wa Mwana Kupona umehifadhiwa kwa wino. Saa ya kuchumia asumini yake ingali imehifadhiwa katika vidole vya watu.